Msiba wa Dervla Tansey

Alhamisi saa tatu na dakika kumi asubuhi, baada ya utabiri wa hali ya hewa, redio ya kaunti ilisoma matangazo ya vifo kama ilivyo kawaida yake. La tatu lilimhusu Dervla Tansey wa kijiji cha Elphin, kaunti ya Roscommon, miaka ishirini na tisa, mwigizaji na mwandishi wa riwaya. Mwili ungekuwa nyumbani kuanzia saa tisa alasiri, maziko Jumamosi. Familia iliomba watu wasilete maua.

Dervla alikuwa mezani akipaka mkate siagi. Mama yake, Attracta, aliongeza sauti ya redio.

"Wamesema mwandishi," alisema Dervla.

"Nimesikia."

"Hawajawahi kusema mwandishi."

"Kula upesi basi. Viti lazima vitoke ukumbi wa kanisa kabla ya saa nane."

Mwili uliletwa saa tano, nywele zikiwa bado zinadondosha maji. Dervla aliutambua mara moja. Ulikuwa wa yule msichana aliyezama, ambaye yeye mwenyewe alimwigiza katika tamthilia ya upelelezi iliyoonyeshwa Jumapili. Kwa ajili yake alilala siku tatu kwenye mfereji mmoja wa Dublin. Katika miaka sita ya kuigiza maiti alishazama mara mbili, alishanyongwa, na mara moja alifukuliwa kinamasini. Neno pekee alilowahi kupewa lilikuwa "Nani?", nalo lilikatwa. Waongozaji walimsifu kwa kutulia.

Riwaya aliiandika wakati wa mapumziko, amejifunika blanketi, vidole vimekufa ganzi. Ilihusu ndugu watatu wanaotaka kumuuza fahali asiyekubali kutoka zizini, na ilikuwa ya kuchekesha. Kwa miaka minne wachapishaji saba waliirudisha. Wa mwisho, Fintan Roche, aliandika kwamba ameipenda lakini haoni namna ya kumuuza mwandishi wake.

Saa tisa majirani walianza kuingia. Walimpa Attracta mkono, wakampa Dervla mkono, wakasema pole kwa msiba, kisha wakaenda kuugusa mkono wa marehemu. Mzee Packie Lavin, fundi wa matrekta, alisimama penye jeneza kwa muda mrefu.

"Amependeza," alisema. "Mmefanana mno."

"Ni mimi, Mzee Packie."

"Najua, mwanangu. Nilikuona Jumapili. Hakuna aliyekufa vizuri kama wewe." Alichukua mkate wa mayai kwenye sinia. "Kumbe alikuwa anaandika. Mbona hamkutuambia?"

"Nilikupa nakala. Ulisema utaisoma siku ya mvua."

"Na imenyesha tangu Pasaka," alisema Bernie Conboy, jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Wewe umeisoma, Bernie?"

"Mimi sikupewa. Waliopewa ndio wajibu."

Saa kumi na moja Fintan Roche alifika kutoka Dublin, amevaa tai nyeusi. Alikunywa chai, akakisifu kikombe, akamwambia Dervla kwamba wameamua kuichapisha riwaya.

"Kazi yake ya kwanza na ya mwisho," alisema. "Watu watainunua."

"Lakini mimi nipo."

"Naona," alijibu Fintan kwa upole. "Na ni vizuri upo, maana tunahitaji ndugu wa kutia saini."

Alimpa fomu. Chini palikuwa na mstari ulioulizia uhusiano wake na marehemu. Dervla aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Nitawasomea ukurasa mmoja, hapa hapa," alisema. "Akicheka mtu mmoja, utaichapisha kama kazi ya mtu aliye hai."

"Mmoja tu?"

"Mmoja."

"Sawa," alisema Fintan.

Dervla akaenda kusimama kichwani pa jeneza na karatasi zake. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu huko Elphin, anayesimama mahali pale na karatasi ndiye anayeongoza sala. Vikombe viliwekwa chini. Wazee walipiga magoti.

Alisoma pale ambapo kaka mkubwa anapatana bei na fahali mwenyewe. Alipomaliza sentensi ya kwanza, chumba kizima kiliitikia, "Utuombee." Alipandisha sauti. Alimpa fahali sauti nzito na kaka sauti ya puani, sauti ambazo kwa miaka sita hakuna aliyemwomba azitoe.

"Utuombee," walisema watu, vichwa chini. Bernie alifuta machozi.

Fahali alipoikalia kofia ya padri, marehemu alicheka. Alianza puani, kisha mabega yakamtikisika hata jeneza likagonga ukuta na maji ya mfereji yakarukia zulia. Alicheka panapostahili, akanyamaza panapostahili.

"Msikilizeni," alinong'ona Mzee Packie. "Kipaji hicho."

"Na alikuwa bado mdogo," alisema Bernie.

Dervla alimgeukia Fintan. "Amecheka mtu."

"Amecheka marehemu," alisema Fintan, akiandika kwenye daftari lake. "Hilo tutaliweka kwenye jalada la nyuma." Kisha akamnyooshea kalamu.

Attracta alipita na birika. Aliitazama fomu juu ya bega la binti yake.

"Andika dada," alimshauri. "Usijisumbue."

Dervla aliishika kalamu mpaka chai ya Fintan ikapoa. Ilikuwa miaka minne, na bado kitabu hakikuwa na msomaji hata mmoja. Aliandika dada, akatia saini. Fintan alipuliza wino, akamshukuru, akaomba kipande cha keki ya tufaha cha kula njiani.

Baada ya hapo Dervla alivuta kiti karibu na jeneza, akafungua ukurasa wa pili. Safari hii alisoma taratibu, bila kuinua sauti. Nyuma yake watu waliendelea kuitikia, "Utuombee," na marehemu akasogea kidogo upande wake, ili asikie vizuri.