Udongo wa Nyuma ya Nyumba

Mapuleng alimwona kwa macho yake, kupitia dirisha la nyuma, wala hakusimuliwa. Jumatatu asubuhi jirani yake Mathuso aliinama nyuma ya nyumba ya Mapuleng, akachota udongo, akajaza beseni, akalifunika kwa kitambaa na kupanda nalo kwake mlimani kama mtu aliyebeba mkate. Sasa niambie wewe, mtu mwema anafunika udongo ili iweje?

Mahali penyewe ndipo palipomtisha. Hapo ndipo radi ilipompiga mumewe Motlatsi miaka mitatu nyuma, na tangu siku hiyo Mapuleng hajakanyaga huko. Kwetu Lesotho watu husema radi hutumwa. Na nani wa kuituma kama si Mathuso, aliyegombana na Motlatsi siku moja kabla, ng'ombe wa Motlatsi walipomlia mahindi yake? Maiti haijapoa, Mapuleng alishalitaja jina, na kijiji kikalidaka. Toka hapo Mathuso akipika msibani, sufuria lake hurudi nyumbani limejaa.

Basi udongo wa mahali alipofia mtu unachotwa wa nini? Wa kummaliza aliyebaki, Mapuleng alijijibu. Siku hiyohiyo akaenda kwa chifu kutaka Mathuso afukuzwe kijijini. Chifu akasema watakutana Ijumaa.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Mapuleng kuongoza sala ya akina mama. Wote walivaa blauzi zao nyekundu na kola nyeupe, Mathuso peke yake kwenye benchi la mlangoni, maana hakuna aliyetaka kugusana naye bega. Mapuleng akaanzisha Baba Yetu kwa sauti yake ile kubwa, jicho moja limefumbwa, jingine linachunga. Walipofika "utusamehe", alimwona Mathuso amefunga mdomo, na hakuufungua tena hadi amina. Kumbe hata sala inamshinda!

Hakungoja chai. Alimfuata nyumanyuma hadi kwake, azione dawa zenyewe, ili kesho awe na la kusema.

Alimkuta uani, blauzi nyekundu imetundikwa kambani, mikono imezama kwenye beseni hadi viwiko, anakanda udongo na samadi ya ng'ombe. Juu ya jiwe vipande vitano vya udongo vilikuwa vimeanikwa, kila kimoja kimechorwa kwa uma mistari kama matuta ya shamba. Mapuleng aliijua mistari ile. Ndiyo aliyoichora mwenyewe kwenye kuta zake alipoolewa.

"Unafanya nini na udongo wangu?"

Mathuso hakushtuka. "Ukuta wako wa nyuma mvua imeuvua nguo. Wewe huendi huko, hujui. Mimi kila nikifungua mlango nauona. Nikiupaka udongo wa kwangu utapasuka, haupatani na wa kwako. Ndiyo nikachota wa palepale, na hivyo vipande ni vya kujaribia."

"Na ulifunika."

"Ningepita nao wazi ungesema nini?"

Mapuleng akatazama chini bondeni. Kutoka hapo, nyuma ya nyumba yake ilionekana yote. Matofali ya udongo yamelowa na kuliwa hadi ndani, sawasawa na mahali kilipo kitanda chake. Mvua moja kubwa tu, ukuta ungemlalia.

Sauti ikiwa imeshuka, akauliza mbona kanisani alinyamaza.

"Nikuambie ukweli, mama, mimi sikupendi," Mathuso alisema. "Miaka mitatu nafika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nakuona wewe, nanyamaza. Nimdanganye Mungu? Nikasema ngoja nianze na mikono, huenda mdomo utafuata."

Aibu ilimshika Mapuleng hadi masikio yakawaka. Yeye miaka mitatu ameisema sala yote, kila Alhamisi, kwa sauti, wala haikumkwama popote.

"Kama umekuja kusaidia, vua hiyo blauzi," Mathuso akaendelea kukanda. "Nataka tumalize leo, maana kesho asubuhi nimeitwa kwa chifu."

Alijua. Ameitwa, anamjua aliyemshtaki, na bado amekanda udongo. Mapuleng akaanza kufungua vifungo.

Walishuka na beseni, kila mmoja ameshika upande. Kwenye kona ya nyumba miguu ya Mapuleng ilikataa. Mathuso hakumvuta, alisimama tu na uzito wa beseni mkononi hadi Mapuleng alipopiga hatua.

Ijumaa chifu alipouliza mshtaki ni nani, Mapuleng alisimama, udongo ungali kwenye kucha. Alisema mbele ya kijiji kizima kwamba hakuona mtu akituma radi. Jina la Mathuso alilitaja kwa uchungu wake tu. Kama kuna wa kufukuzwa, basi ni yeye. Watu wakaguna, wengine wakainamisha vichwa.

Nyuma kabisa midomo ya Mathuso ilikuwa inacheza polepole. Mapuleng hakusikia kitu, lakini maneno aliyajua, akayafuata moja moja kwa macho. Yalifika pale pa kusamehe, yakasita, kisha yakapita.