Kioo Kwenye Ufa

Barabara ya kupanda Mikinduri ilipopasuka juu ya nyumba yangu, wakubwa hawakuja. Alikuja msichana wa chuo, Jawahir, binti ya wenye maduka pale Meru mjini, anayesomea mambo ya barabara. Alichimba udongo akautia mifukoni kupeleka maabara Embu, kisha akabandika kipande cha kioo juu ya ufa, simiti huku na huku.

"Mzee, kioo hakivutiki," aliniambia. "Mlima ukisonga hata kidogo, kitavunjika. Siku hiyo usilale hapa. Toa watu kwanza, ndio unipigie simu."

Basi kila asubuhi nilipanda kukiangalia kabla ya chai. Mvua ya Novemba ilinyesha wiki nzima, pikapu za miraa zikashuka mbio mpaka vikombe vinalia kabatini, na kioo kizima. Nikaanza kupata usingizi. Binti yangu Kiende alikuwa amerudi nyumbani na mtoto mchanga, na chumba chao ndicho kilichoegemea ule mlima.

Jumanne Jawahir akapiga simu mwenyewe. "Kioo vipi?"

"Kizima kabisa. Kinang'aa."

"Kinang'aaje, mzee, na matope yote hayo? Changu nilikipaka rangi nyekundu pembeni. Iko?"

Nilipanda mbio. Rangi haikuwepo. Simiti yenyewe ilikuwa bado laini, na ufa, ambao asubuhi zote hizo sikuutazama kwa kutazama kioo tu, ulikuwa ukiingia kidole na sasa uliingia ngumi. Mutwiri, foremani wa mkandarasi, alikuwa amesimama pale na mwavuli.

"Nani amebadilisha hiki kioo?"

"Kilivunjika Jumamosi, na jana tena. Nikaweka kingine, kazi ya watu isiharibike."

"Ukamwambia nani?"

"Nimwambie nani, mzee? Barabara ikifungwa, mkubwa ataniuliza mimi. Kioo ni kioo."

Tangu Jumamosi tulikuwa tumelala chini ya mlima unaotembea. Ni hawa hawa waliokataa kumwaga maji barabarani wakijenga, vumbi likaingia kifuani mwa mke wangu Cicily mpaka tukamzika. Nilimwacha na mwavuli wake nikateremka, nikianguka na kuinuka.

Kiende alikuwa anakoroga uji.

"Toka. Mlima unakuja."

"Baba, jana ulilalamikia kaunti, juzi mkandarasi. Leo ni zamu ya mlima? Wacha uji uive."

Nilimnyakua mtoto kitandani na shuka lake, nikakimbilia migomba ya jirani yetu Kailemia. Kiende akanifuata peku, mwiko mkononi.

"Rudisha mtoto, wewe mzee. Atashikwa na baridi. Umeanza kupotea akili, eh?"

Hapo tukasikia mlio, si mkubwa, kama gunia la mahindi linaburutwa sakafuni. Ukuta wa chumba chao ukainama taratibu, matope yakaingia kwa dirisha na kujaa mpaka kwenye paa.

Kiende aliketi pale pale migombani kwenye maji ya mvua. Akampokea mtoto, akampa titi bila kuuachia mwiko. Nilitaka kumwambia tuondoke hapo pia, lakini sikujua ufa unaishia wapi, na simu ya kumuuliza Jawahir ilikuwa imebaki ndani ya nyumba. Nikasimama tu, nikisikiliza udongo chini ya miguu yangu.