Kokoto za Benite

Maharage yalikuwa wazo la Daktari Xavier, na siku ya mafunzo lilionekana wazo zuri. Mtoto anayepigwa nyumbani hasemi, alituambia, lakini mpe kitu cha kushika na mikono yake itasema. Kwa hiyo kila mtoto tuliyemhoji Kinama alipewa maharage mkononi na bakuli mbele yake. Kama wanakupiga mara chache, weka machache. Kama wanakupiga sana, weka mengi. Yanayobaki, rudisha.

Hakuna aliyerudisha. Watu walikuwa wamekimbia makombora, na waliporudi walikuta bustani zao zimevunwa na wenye bunduki. Mtoto aliweka harage moja kwenye bakuli, akafumba ngumi, ngumi ikapotelea ndani ya nguo. Kwa mujibu wa maharage yetu, hapakuwa na mtaa mpole kuliko Kinama duniani kote.

Adrien, mwenzangu wa kazi, alicheka mpaka akakaa chini. "Dokta, tumepata dawa ya ukatili. Ni njaa."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Kosa ni langu," alisema. "Njia hii nilijifunza mahali ambapo watoto wameshiba."

Kesho yake tulirudi na kokoto.

Mimi naitwa Nsimire. Wazazi wangu walitoka Bukavu, mimi nimezaliwa Buyenzi, na kazi ile niliipata kwa sababu ya diploma yangu na ulimi wangu, ulimi zaidi. Maswali yalitoka mjini yakiwa yameandikwa hivi: "Je, umewahi kukumbana na ukatili wa kimwili katika mazingira ya kifamilia?" Nilimwambia Daktari kwamba mtoto akiulizwa hivyo atadhani anaombewa. Nikaandika: "Nyumbani wanakupiga?" Likabaki hilo.

Tulifanya kazi wawili wawili. Mmoja alibaki nje na baba wa nyumba, akimuuliza habari za maji na vyandarua, na kumsifia kuku wake kama anao. Mwingine aliingia ndani kwa mtoto. Baba akianza kuelekea mlangoni, wa nje alipaza sauti: "Maji iko?" Hapo wa ndani alihamia maswali ya vyandarua, na hakuna aliyejua tulikuwa tunaongea nini. Adrien alikuwa hodari wa kuzuia wanaume nje. Angeweza kuongea na mti.

Nyumba ya Fortunat tulikuwa tunaijua kabla ya kuifikia. Alikuwa seremala. Zamani alitengeneza vitanda. Tangu vita vianze, majeneza yalipita vitanda. Pia alikuwa mkubwa wa wazee wanaosuluhisha ugomvi mtaani. Mwanamke aliyepigwa alipelekwa kwake pamoja na mume wake. Wazee walisikiliza, mkosaji aliomba msamaha, chungu cha pombe ya ndizi kililetwa, na wote walikunywa humo humo kwa mirija. Mkishakunywa, kesi imekufa. Anayeifufua anajiaibisha mwenyewe, na hakuna atakayemsikiliza tena.

Ruhusa ya kuingia Kinama tulipewa na Fortunat. Hakuna anayeingia mtaa wa watu bila wazee, hasa wakati wa vita, wakati mgeni mwenye karatasi anaweza kuwa mtu yeyote. Tukakubaliana naye kwamba tukimkuta mtoto aliye hatarini, tutawaarifu wazee. Daktari alipeana naye mkono juu ya hilo, na sisi sote tuliona ni jambo la heshima.

Binti yake aliitwa Benite. Alikuwa wa miaka tisa hivi, na magoti yake yalikuwa makubwa kuliko mapaja. Siku ya maharage alikuwa ameweka moja. Siku ya kokoto alizitazama kwanza.

"Hizi haziliwi?"

"Haziliwi."

"Basi sawa."

Akaweka zote. Akafungua viganja kunionyesha kwamba ni vitupu.

"Iko ingine?"

"Zimeisha, mama."

Akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Alirudi amekunja sketi mbele, imejaa changarawe za uani, akazimimina juu ya bakuli mpaka bakuli likafunikwa na changarawe zikatawanyika sakafuni. Kisha akakaa mahali pake, mikono magotini, kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani.

"Ni nani anakupiga?" nikauliza.

"Papa."

"Na mama yako?"

"Mama naye anapigwa. Yeye umuletee bakuli yake." Akafikiri kidogo. "Kupiga si mubaya sana. Kupima ndiyo mubaya."

"Kupima nini?"

"Mi. Anasema lala chini. Anakamata mita yake, ananipima toka kichwa mpaka miguu. Anasema sanduku yako imebakia mbao mbili." Alinyoosha kidole kwenye mlango wa nyuma. Ukutani, kwenye jua, liliegemea jeneza dogo la mbao nyeupe. "Sasa imebakia kifuniko."

"Nsimire!" Adrien alipaza sauti huko nje. "Maji iko?"

"Na chandarua mnalala wangapi?" nikasema.

Fortunat aliingia, akasimama juu yetu. Alikuwa mtu nadhifu, kalamu ya seremala nyuma ya sikio, vumbi la mbao kwenye nyusi. Aliangalia kile kichuguu cha changarawe kwa muda mrefu.

"Ni nini iyi?"

"Mchezo wa kuhesabu, muzee," nikamjibu.

"Aa." Akamgeukia mtoto, bila kupandisha sauti. "Nani alikufundisha kuchafua nyumba mbele ya wageni? Utaziokota moja moja. Jioni utanihesabia zote. Na kila moja mi nitaijibu."

Halafu akatusindikiza mpaka barabarani, akamuuliza Adrien habari za mama yake aliyekuwa mgonjwa.

Daktari alikuwa anatungoja karibu na robine, bomba la maji la mtaa, ambapo wanawake walipanga bidoni zao za maji. Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilimwona akizeeka.

"Tulikubaliana kuwaarifu wazee," alisema mwishowe.

"Mkubwa wa wazee ni nani, Dokta?"

"Najua."

"Basi twende tukamwambie Fortunat kwamba tuna wasiwasi na Fortunat."

"Nsimire, nisikilize. Tukimgusa huyu mtoto, kesho hakuna mlango utakaofunguliwa Kinama. Na milango mingine ina watoto wa namna hii nyuma yake. Nani atawasikia hao?"

Hakuwa mwoga, wala hakusema uongo. Nililifikiria neno lake wakati ule na bado ninalifikiria. Lakini jioni ilikuwa inakuja, na changarawe zilikuwa nyingi.

Nikamwambia kichwa kinaniuma, waende tu na gari, nitapanda basi dogo. Adrien alinitazama, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaufunga bila kusema kitu.

Nilibaki pale robine, kwa sababu hakuna nyumba inayopita jioni bila kuchota maji. Benite alikuja na bidoni ya njano inayomfikia kiunoni.

"Una mama mdogo?" nikamuuliza. "Au shangazi? Mtu yeyote?"

"Mama mudogo Epiphanie. Iko Carama."

"Njia unaijua?"

"Naijua. Lakini mi nimetumwa maji."

"Weka bidoni hapo."

Aliiweka kwenye mstari, nyuma ya zile nyingine, akaigeuza kidogo ili mshikio uelekee mbele. Tukaondoka. Tulipita kando ya mashamba ya lengalenga, mchicha wa kwetu, tukawapita askari waliokuwa wanakaanga mahindi na hawakutujali. Njiani, mara moja tu, Benite aliinama, akaokota jiwe, akaliangalia, akalitupa.

Epiphanie alikuwa anapepeta mchele. Alimwona mtoto, akaniona mimi, akaweka ungo chini. "Hatimaye," alisema. Akamvua Benite blauzi pale pale ili amwogeshe, na mimi nikageuza uso.

Hapo ndipo wanaponikamata wanaonilaumu, na sitaificha sehemu hii. Bidoni ilibaki robine. Giza lilipoingia, wanawake waliiona iko peke yake, na Kinama, wakati ule, bidoni bila mtoto ilikuwa na maana moja. Dorothée, mama yake, alizunguka mtaa mzima akiita jina. Alilala chini kwenye matope ya robine, akalia kilio cha msiba. Na Fortunat alipofika alimuuliza nani alimtuma mtoto maji saa ile, kisha akamvunja mkono.

Epiphanie alituma habari asubuhi. Mkono ulikuwa umeshavunjika.

Wazee walituita. Walikaa kwenye karakana ya Fortunat, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na viti vya kutosha, na yeye mwenyewe alishuka kwenye kiti cha ukubwa, akakaa upande wa mlalamikaji ili haki ionekane. Dorothée alikaa nyuma yake, mkono umefungwa kwa kitenge. Daktari alikaa karibu yangu. Alikuwa amevaa tai.

"We mutoto wa Bukavu," Fortunat alianza, "ulikuja kutufundisha kulea?"

"Mimi ni wa Buyenzi, muzee. Na sikuja kufundisha. Nilikuja kuuliza."

"Uliuliza. Ukapewa mawe. Mutoto akikupa mawe, unabeba mutoto?"

Wazee walicheka. Mmoja, mwenye kofia ya sufu, aliniuliza kwa upole: "Kwani baba hawezi kutania mutoto wake na mita? Mi wangu nawaambia nitawauza Uvira. Hakuna aliyeuzwa."

"Mzee, wewe huna duka la kuuzia watoto. Huyu anatengeneza majeneza."

Hawakucheka tena, na mwenye kofia aliangalia viatu vyake. Nilidhani nimewapata. Kisha Fortunat akanyoosha kidole nyuma yake bila kugeuka.

"Na mukono wa mke wangu, nani aliuvunja? Toka ameolewa, mikono yake ilikuwa mizima. Umekuja we, umevunjika."

Na wazee wakatikisa vichwa, kwa sababu kwa hesabu zao ilikuwa kweli.

Mwenye kofia alitoa uamuzi. Nimeiba mtoto na nimetia msiba nyumba isiyo na maiti. Niombe msamaha kwa Fortunat mbele ya watu, tunywe, mtoto arudi kwao leo hii, na watu wa Dokta wataendelea na kazi yao Kinama bila shida. Nikikataa, kazi imekwisha. Na Epiphanie naye ataitwa na wazee wa Carama.

Fortunat mwenyewe alileta chungu. Karakana haikuwa na meza tupu, kwa hiyo alikivuta kitu kutoka kwenye kona, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakiweka katikati yetu na kutua chungu juu yake. Lilikuwa jeneza dogo la mbao nyeupe. Sasa lilikuwa na kifuniko.

"Mnaona?" alisema. "Ni mbao tu."

Daktari aliliona. Hata hivyo aliinama sikioni pangu. "Sema neno moja tu, Nsimire. Wewe unayajua maneno. Sema, halafu tutatafuta njia nyingine ya kumsaidia."

"Tukishakunywa, Dokta, ni njia gani itabaki?"

Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

Dorothée ndiye aliyesimama. Alikuja mpaka mbele yangu, akapiga magoti kwa shida kwa sababu ya mkono, na hilo sikulitegemea. "Dada," alisema, "omba tu. Mi siku ile nilimulilia mutoto wangu kama amekufa. Sitaki kulia tena. Omba, yaishe. Nitamuchunga mi mwenyewe."

"Na nani atakuchunga wewe, mama Benite?"

Aliniangalia. Halafu, haraka sana, aliangalia lile jeneza chini ya chungu, kutoka upande wa kichwa mpaka upande wa miguu, jinsi mama anavyoangalia nguo kama itamtosha mtoto. Akarudisha macho chini. Hakurudia tena ombi lake.

Mwenye kofia alinipa mrija. Ulikuwa umelowana bado. Wazee walikuwa wamekwisha kunywa, wamebaki wananingoja, na Adrien alikuwa mlangoni akilia wazi wazi bila kujificha, mtu ambaye asubuhi ile alikuwa ameniambia ana wadogo wanaokula kwa kazi hii.

Nilijua nitakachovunja. Kokoto zetu zitamwagwa barabarani. Watoto wa milango mingine watabaki na majibu yao mikononi. Epiphanie ataitwa, na Dorothée atarudi nyumbani na mume wake jioni ile ile, mkono mmoja mzima. Hayo yote niliyajua, na bado ninayajua.

Niliuweka mrija juu ya jeneza, kando ya chungu.

"Siombi msamaha," nilisema.

"Hujasikia vizuri," akasema mwenye kofia. "Tunakupa nafasi."

"Nimesikia. Siombi."