Utani wa Mkuu wa Idara

Kabla hawajawa mawifi walikuwa marafiki. Mkubwa alikuwa mkuu wa idara ya isimu, mdogo alikuwa mhadhiri mpya asiye na hata pa kuweka mkoba, na mkubwa ndiye aliyempisha upande mmoja wa meza yake mpaka alipopewa ofisi. Ndiye pia aliyemkaribisha kwao Jumapili moja na kumkutanisha na kaka yake, mpima ardhi. Ndoa ikafungwa. Kazini wakaitana wifi, wakataniana mpaka wanafunzi wakazoea vicheko vyao kwenye korido.

Mambo yaliharibika mhadhiri alipomaliza shahada ya uzamivu. Mkuu wa idara alikuwa ameianza ya kwake zamani, ikakwama sura ya tatu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza imefikia wapi. Habari za kufaulu zilipofika, alimkumbatia wifi yake mbele ya watu wote.

"Haya, sasa kwetu tuna daktari," alisema. "Nikiumwa jino najua pa kwenda."

Watu wakacheka, na mhadhiri naye akacheka.

Muhula uliofuata, somo la sarufi alilolitunga mwenyewe lilionekana kwenye ratiba na jina la mtu mwingine. Alipouliza, aliambiwa, "Wewe si daktari bwana? Tuachie na sisi wa chini tule." Wanafunzi wake wa uzamili wakagawiwa wengine. Kisha akahamishiwa chumba cha mashine ya fotokopi, ambako kila mwenye karatasi ya kunakili aliingia bila hodi na kumkuta amejikunyata pembeni, akisahihisha mitihani kwenye joto la mashine. Kila hatua ilisindikizwa na mzaha. Akikasirika, anaambiwa hana ucheshi. Akinyamaza, ndiyo amekubali.

Nyumbani alimgusia mumewe.

"Dada ndivyo alivyo," mume alijibu, macho yakiwa kwenye ramani zake. "Mdomo wake hauna breki, lakini moyoni hana neno."

Katika miaka hiyo mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Waliojua walikuwa wao wenyewe, mama mkwe na wifi, basi. Mara ya pili mama mkwe ndiye aliyekaa naye hospitalini, kwenye kiti cha plastiki, akimshika mkono na kumwambia alie asione aibu.

Ikaja siku ya kikao cha kupendekeza watu wa kupandishwa cheo. Jina la mhadhiri lilipofikiwa, mwalimu mmoja alisema kwamba kwa makala zilizochapishwa hakuna anayemfikia. Mkuu wa idara akafunua faili taratibu.

"Kweli kabisa. Wifi yangu kwa kuzaa makala hana mpinzani. Mama yangu anasubiri mjukuu, yeye anamletea majarida. Kwenye karatasi ndiko anakofikisha miezi tisa. Kwingine kote huishia njiani."

Meza nzima ikacheka, wengine kwa kutoelewa, wengine kwa kuwa bosi mwenyewe anacheka. Mhadhiri alijisikia naye anacheka. Kisha akaomba udhuru, akaenda chooni, akafungulia bomba la maji ili asisikike.

Wiki hiyohiyo alipeleka malalamiko utawala.

"Unampeleka dada yangu kwenye kamati?" mumewe aliuliza.

"Nampeleka mkuu wangu wa idara."

"Si ni mtu yuleyule!"

"Ungemkumbusha yeye hilo."

Mama mkwe alikuja mwenyewe, mtandio begani, pumzi zimemwishia kwa ngazi. "Mwanangu, ya nyumbani yamalizeni nyumbani. Watu watatusema."

"Mama, haya ni ya kazini."

"Kakufanya nini hasa?"

Mhadhiri hakuweza kuyarudia maneno yale mbele ya mwanamke aliyemshika mkono pale hospitalini. "Ananitania vibaya," alisema, na papo hapo akasikia jinsi neno lilivyotoka, kama jambo la watoto.

Mbele ya kamati wifi alifika nadhifu, akampa kila mtu mkono, na mlalamikaji pia.

"Waheshimiwa, huyu kaolewa na kaka yangu wa tumbo moja. Tangu lini mawifi wakaacha kutaniana?"

Mwenyekiti, profesa wa sheria, akatabasamu. Akaitwa katibu muhtasi wa idara. Alisema siku ile alikuwa akiandika kumbukumbu za kikao, kwa hiyo hakusikia yaliyosemwa. Hakuna aliyeona ajabu katika jibu hilo. Yule mwalimu aliyesifu makala alituma ujumbe kwamba anaumwa.

"Na wewe," mwenyekiti alimgeukia mhadhiri, "aliposema hayo ulifanya nini?"

"Nilicheka."

"Ulicheka?"

"Wote walikuwa wananitazama, mheshimiwa."

Kalamu zikaandika.

Uamuzi ulisema hapakuwa na uonevu, na kwamba pande zote mbili ziheshimiane. Kwa ajili ya utulivu wa idara, mlalamikaji angehamia kitengo cha kuwafundisha mwaka wa kwanza stadi za mawasiliano, na suala la cheo lingesubiri.

Mama mkwe alirudi amechangamka. "Afadhali yamekwisha. Jumapili njooni wote, mle pamoja, mpatane."

"Mama, unajua alisema nini?"

Safari hii mhadhiri aliyasema yote, neno kwa neno, bila kulia. Mama mkwe alikiweka kikombe chini.

"Alisema hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya idara nzima."

"Na wakacheka?"

"Tukacheka."

Mume alikuwa amesimama mlangoni. Ndiyo kwanza anayasikia, kwa sababu hakuwahi kuuliza. Mama yake alimtazama muda mrefu, kisha akajifunga mtandio na kuondoka bila kuaga.

Mwaliko wa Jumapili ukafa. Mama alimpigia binti yake simu. Walichoambiana hakikujulikana, ila tangu hapo ndugu wale wawili walimtembelea mama kila mmoja kwa siku yake, na mama alionekana kuzeeka haraka. Uamuzi wa kamati haukubadilika. Mume alianza kuosha vyombo na kumuuliza mkewe kila jioni kama amekula. Alijitahidi, lakini kama mgeni anayetafuta vijiko katika jiko la watu.

Mwishowe mhadhiri aliacha kazi, akapata nafasi kwenye chuo kidogo cha ualimu mji mwingine. Alipanga chumba huko, akawa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Walimu wa huko walimpokea vizuri. Wakati wa chai walimvutia kiti, na mama mmoja wa hisabati, mchangamfu, akamwambia, "Mwenzetu na hivyo viatu vya kishindo, unatembea au unapiga gwaride?" Wote wakacheka, kicheko kisicho na ubaya wowote.

Mhadhiri aliinuka, kikombe kikiwa bado kimejaa. Aliwaambia ana kipindi. Alitembea hadi darasa la mwisho, akafunga mlango, akakaa kwenye dawati la mwanafunzi, akasubiri chai iishe.