Gia Alizosema Hazipo

Mimi darasani sikukaa sana, wajukuu zangu, lakini gari nililisoma. Lori la misheni nimeliendesha miaka, Njombe mpaka Lugarawa, na ile milima mnaijua, ukikosea gia unaenda bondeni na magunia yako. Huko ndiko nilikomfundisha shemeji yangu Kefa, mdogo wake bibi yenu Esteria. Nilimfundisha kupangua gia kwa kukanyaga klachi mara mbili, katikati unapiga resi kidogo, kama unamgusa mtu bega asishtuke. Hata wakati ule tuliofanya hivyo tulikuwa wawili tu.

Basi ikaja ruksa, bandarini kila kitu kinaingia, hata magari yaliyotumika Japani. Nikaona picha kwenye kalenda: gari ya spoti, nyekundu, milango miwili. Nikasema nimechoka kuendesha ya watu. Nikauza miti yangu yote ya miwati, shamba likabaki visiki. Kefa alikuwa Makambako, mfanyabiashara, Dar anaijua, na yeye alikuwa anakwenda kujinunulia ya kwake, nikampa pesa nikamtuma. Nikamwambia jambo moja tu: iwe ya gia za mkono. Spoti bila gia unakuwa abiria.

Akaniletea otomatiki. Nyeupe.

"Shemeji, za mkono hazipo tena," akaniambia. "Wajapani wameziacha, watu hawazitaki."

Nikaamini. Ndugu akikwambia hakipo, utamwuliza mara ngapi? Nikaiendesha hivyo hivyo, mguu wa kushoto umekaa tu kama mgeni.

Kiangazi nikaenda Makambako kutafuta tairi. Nimekaa kwa Ashura, yule wa chai, ananitania eti mzee mwenye spoti anakunywa chai kavu bila hata andazi. Nikasikia gari inakuja upande wa Iringa. Ikapangua. Klachi, resi kidogo, klachi. Sikugeuka hata. Kikombe kikabaki mkononi.

Nyekundu, milango miwili. Akashuka Kefa.

Aliponiona akanisalimu kamwene, macho chini. Nikamwuliza hiyo imetoka wapi. Akazungukazunguka, mwishowe akasema zilikuja meli moja zote mbili, na hii ya gia watu waliigombania pale bandarini.

"Ya miwati yangu ni ipi?"

"Shemeji, wewe umri umeenda. Nikaona nyeupe itakufaa. Mimi bado nina miguu."

Nikamwomba ufunguo. Akanipa haraka, nadhani alidhani tumeyamaliza. Nikaiendesha mpaka njia panda ya Songea. Gia zinaingia laini, na ile sauti, jamani. Ningeweza kunyoosha mpaka nyumbani. Nikamfikiria Esteria, nikageuza.

"Klachi unaikalia, mguu huuondoi," nikamwambia nikimrudishia ufunguo. "Hilo sikukufundisha mimi."

Nikarudi na nyeupe yangu. Kwenye mlima wa kuingia Njombe mguu wa kushoto ukainuka wenyewe kutafuta klachi, ukakanyaga zulia.

Bibi yenu akaniuliza, Kefa hajambo?

Nikasema sikumkuta.