Mkutubi wa Maktaba Ndogo

Mama yangu alikutana na baba yangu maktaba. Hilo tumelishwa nyumbani kwetu tangu tukiwa watoto wa kutambaa. Ukionekana na redio sikioni, unaulizwa ungekuwa wapi leo kama mama yako angeshinda kwenye disko badala ya maktaba. Ukileta matokeo mabaya, unaambiwa kuna watu wawili walipendana mbele ya vitabu, na wewe ndiye tunda lao, sasa tunda gani hili. Mama ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na hata nyumbani baba humwita Mwalimu. Baba ni mhandisi wa maji mstaafu. Kila hadithi ya maktaba ilipoanza, alikohoa, akatoka kwenda kuangalia bomba la nje, na sisi tuliamini kweli bomba lina matatizo.

Mimi natengeneza meno ya bandia. Nakaa kwenye chumba cha nyuma cha kliniki, mimi na nta na plasta na taya za watu nisiowajua, na kazi hiyo imenipa tabia mbaya: nikizungumza na mtu, naangalia mdomo kabla ya macho. Meno ya baba nayajua yote, maana akicheka unamwona mpaka kooni. Ya mama nilikuwa nayajua ya mbele tu. Mama hucheka kafunga mdomo, kama mwanafunzi aliyeficha pipi darasani.

Basi balaa langu likawa kumpenda mtu anayetaka kufungua baa. Watu wote wanamwita Fundi, hata mimi, kwa sababu anatengeneza spika na redio. Alikuja kliniki na jino la mbele lililovunjika kwa kung'ata nyaya. Nikamtengenezea lingine, nikamwonya, na haukupita muda akarudi limevunjika tena. Siku hizi anakiri kwamba mara ya pili alilivunja makusudi.

Fundi alikuwa amepata chumba cha kupanga kwenye mtaa wa nyuma ya chuo. Zamani lango la chuo lilikuwa upande huo, kisha likahamishwa, na mtaa mzima ukalala usingizi. Mwaka huu lango la zamani limefunguliwa tena na wanafunzi wameanza kumiminika. Fundi akaona hapo ndipo pa kuweka baa yake, yenye muziki unaosikika vizuri bila kumtoboa mtu masikio. Akajieleza hivyo kwa mama, sebuleni kwetu, kwa adabu zote, mikono magotini.

"Mwanangu haolewi na baa," mama akasema.

"Haolewi na baa, Mama. Anaolewa na mtu," nikasema.

"Na huyo mtu atakuwa wapi asubuhi? Baa. Jioni? Baa. Na wewe utakuwa wapi?"

Ilikwenda hivyo miezi. Ningeweza kuolewa bila ridhaa yake, mimi ni mtu mzima na kazi yangu ninayo. Ila sikutaka. Nampenda mama hata anaponikera, na anajua kunikera, na harusi ambayo yeye amekaa kiti cha mbele akiwa amenuna nisingeiweza. Bila neno lake kusingekuwa na harusi, na Fundi alilijua hilo, akaanza kukonda.

Aliyetuokoa ni baba. Siku moja, baada ya miezi yote hiyo ya kukaa kimya, aliuliza chumba chenyewe kiko wapi hasa. Fundi akamweleza: ule mtaa wa nyuma, kinapakana na duka la dawa, mlango wa chuma wa buluu. Baba akakohoa. Safari hii hakwenda kwenye bomba.

"Mwalimu," akamwambia mama, "hata mtoto wa darasa la kwanza humpi sifuri kabla hujasahihisha daftari lake. Twende tukapaone kwanza."

Hapo alimshika pabaya. Mama akasema atakwenda, lakini anakwenda kukagua, siyo kukubali, na sote tuweke hilo akilini.

Tukaenda Jumamosi asubuhi kwa gari la baba. Tulipokata kona kuingia mtaa ule, baba akapunguza mwendo mpaka baiskeli zikawa zinatupita.

"Hapa palikuwa Maabara," akasema, akionyesha duka la simu.

"Maabara ya chuo?" nikauliza.

"Ya majaribio, ndiyo. Mwenyewe alikuwa anachanganya vitu vyake kwenye jagi, anakumiminia, halafu anasimama kukuangalia utakuwaje."

"Angalia barabara," mama akasema.

"Na hili duka la dawa lilikuwa Zahanati. Walifungua asubuhi na mapema, kwa ajili ya wagonjwa wa jana. Pale kwenye saluni palikuwa Mahakama. Ubishi wowote chuoni, wa mpira, wa siasa, wa nani kamchukua mchumba wa nani, ulikatwa pale, na ukishindwa unawanunulia wazee wa baraza."

"Hata leo kesi zinasikilizwa pale, Mzee," Fundi akasema kutoka nyuma. "Nikiwa napaka rangi nazisikia zote."

"Baba," nikasema, "hizi zote zilikuwa baa?"

"Majina tuliyabuni wenyewe. Mzazi akija bwenini kukutafuta, anaambiwa yupo maabara. Mzazi anarudi nyumbani roho nyeupe, na hakuna aliyesema uongo."

Wakati wote huo baba alikuwa anang'aa kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Mimi nikaanza kupanga mambo kichwani. Maabara, zahanati, mahakama. Nikajiuliza maktaba ilikuwa wapi. Nikamtazama mama, naye alikuwa ameelekea dirishani, midomo kaibana mpaka imepotea.

Chumba cha Fundi kina ubaya mmoja, na alitueleza kwamba ndiyo kazi ya kwanza atakayoirekebisha. Sakafu ya ndani iko chini kuliko barabara, kwa hiyo kizingitini kuna kidato cha kushuka, na kutoka juani huwezi kukiona. Kila mtu hujikwaa pale. Fundi mwenyewe, mwenye chumba, akaingia mbele kwenda kufungua madirisha ya nyuma akajikwaa. Nikafuata mimi, ninayekijua kidato kile na niliyejiapiza kwamba leo hakinipati, nikajikwaa, nikadaka ukuta.

Nyuma yangu akaingia mama. Alikuwa ameanza ukaguzi tayari, kichwa juu, akilalamikia harufu ya unyevu na kuuliza dari ile nani kaipiga. Akiwa bado anasema, macho kwenye dari, akashika sketi yake kidogo, akashuka kidato kile taratibu kama anashuka ngazi za nyumbani kwake, akatembea gizani, akajipinda bega la kushoto, akaipita nguzo iliyo katikati ya chumba bila kuigusa. Mimi hata sikuwa nimeiona ile nguzo.

Fundi akafungua dirisha. Mwanga ukaingia. Mama alikuwa amesimama ng'ambo ya nguzo, mkoba mkononi, anatutazama tunavyomtazama.

"Nini?" akasema.

"Mwalimu," baba akasema kutoka mlangoni, "miguu imekusaliti."

"Vyumba vyote vya zamani vina kidato."

"Na nguzo je?"

Mama akafungua mdomo ajibu, jibu halikuja, kikaja kicheko. Alicheka akiinama, akishika nguzo, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nikayaona magego ya mama yangu, na pengo moja juu kulia ambalo mtu wa kazi yangu alitakiwa kulijua siku nyingi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga.

"Karibu Maktaba Ndogo," baba akaniambia. "Ndipo nilipokutana na mama yako. Hakuna siku tulipokudanganya."

"Mama! Mbele ya vitabu!"

"Chupa moja ilikuwa kitabu," mama akasema, akijifuta macho. "Ukilewa, tunasema umefika kwenye fahirisi, mwisho wa kitabu. Baba yako alikuwa amejibanza hapa kwenye nguzo, hachezi, haongei, anasoma sura ya kwanza tangu saa ngapi sijui. Mimi nacheza kinyumenyume, sina habari na mtu."

"Akanimwagia kitabu kizima," baba akasema. "Sura zote, kifuani. Nilikuwa nimeazima shati."

Wakaanza sasa kukumbushana kama watoto, huyu anamkata yule kauli. Spika ilikuwa kona ile. Hapana, ile. Palikuwa na jamaa wa uhasibu aliyeimba vibaya mpaka paka akahama. Fundi alikuwa ameketi chini anasikiliza kwa uchu, akiuliza spika zilikuwa za aina gani, na baba akimweleza mambo ambayo nina hakika aliyatia chumvi. Nikamminya Fundi mkono. Nikajua tumeshinda. Mtu aliyecheza kinyumenyume ndani ya baa atamkatalia vipi mwanawe kuolewa na mwenye baa?

"Kwa hiyo Mama," nikasema, "umekubali."

Kicheko kikafifia usoni mwake. Hakukasirika. Alipapasa nguzo kwa kiganja, pale ambapo rangi mpya ya Fundi haijafika.

"Mkutubi alikuwa anaegemea hapa," akasema.

Baba akageuka kuitazama nguzo.

"Mkutubi ni nani?" nikauliza.

"Mke wa mwenye baa. Tulimwita hivyo kwa sababu tukipiga kelele aligonga kaunta na kutuambia tusome kimya. Mumewe alikuwa na meza yake pale mlangoni. Mtu mzuri sana yule, hadithi zake zilituvunja mbavu, chuo kizima kilimpenda. Alikuwa anakaa na wateja tangu tunaingia mpaka tunatoka. Mkewe alipika, alihudumia, aliosha glasi, alipiga deki, aliwatoa walevi. Akipata nafasi anakuja kuegemea hii nguzo, anavua kiatu kimoja, anaweka mguu juu ya mwenzake. Miguu yake ilikuwa imevimba hivi." Akaonyesha kwa mikono. "Miaka yote niliyokuja hapa, sikuwahi kumwona amekaa. Siku moja nilimpisha kiti changu. Akacheka, akaniuliza, nikikaa mimi atasimama nani?"

"Mwalimu," baba akasema kwa sauti ya chini, "hukuwahi kuniambia hivi."

"Ungeniambia nini? Wewe pia ulikuwa unacheka na mumewe."

Mama akanigeukia mimi.

"Nilikuwa na furaha humu ndani, mwanangu, nisikufiche. Furaha ambayo sijaipata tena mahali pengine. Lakini kuna mtu alikuwa anaibeba kwa miguu yake, na nikisikia mwanangu anaolewa na mwenye baa, namwona yule. Sioni pombe. Naiona miguu yako."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kumshinda. Nikaitazama miguu yangu.

Fundi alikuwa amesimama. "Mwalimu, yeye ana kazi yake ya meno," akasema. "Humu nitasimama mimi. Akija, amekuja kama mgeni."

"Wote husema hivyo," mama akajibu, ila bila ukali.

Fundi akaangaza huku na huku. Chumbani hamkuwa na kiti. Palikuwa na kasha moja la spika, tupu, kona ya nyuma. Akalivuta mpaka katikati, akalifuta vumbi kwa shati lake, akasema, "Kaa, Mwalimu. Nikawaletee kitu cha kunywa."

Mama akalitazama kasha. "Mimi sijachoka," akasema, akanielekeza mimi kwa kidevu. "Kaa wewe."

Nikakaa. Fundi akatoka. Mama akaja kusimama nyuma yangu, na baba akaenda dirishani akawa anaangalia nje, mikono nyuma. Kutoka saluni zilisikika sauti za wanawake wakibishana juu ya mtu fulani aliyerudiana na mumewe.

Fundi akarudi amekumbatia chupa za soda na maji kifuani, moja kaibana kwa kidevu. Alipofika karibu na nguzo, ile ya kidevuni ikamponyoka, ikaanguka, ikabingirika. Nyingine ikaanza kuteleza. Mimi huyo, nimeshainuka nusu, mikono mbele, nakwenda kumpokea.

Mkono wa mama ukatua begani mwangu, ukanirudisha chini.

"Umejiona?" akasema. "Hajakuita. Hajakuomba. Na wewe umeshasimama."

Ilikuwa kweli tupu. Nilitaka kusema ni chupa tu, ni adabu tu, mtu kaelemewa unamsaidia, na nikajua kwamba Mkutubi naye siku ya kwanza huenda aliinuka kwa ajili ya chupa moja.

"Simwogopi yeye," mama akasema, taratibu sasa, ili mimi tu nisikie. "Nakuogopea wewe mwenyewe. Ukiweza kukaa humu ndani, mwanangu, olewa."

Nikakaa. Msidhani ni rahisi. Fundi alipiga magoti akaokota chupa zake moja moja, nyingine akaifuata mpaka chini ya dirisha, akazifuta, akazipanga sakafuni, akatufungulia, na wakati wote huo mapaja yangu yalikuwa yananivuta juu na mimi nayakataza. Akanipa soda yangu kwa mikono miwili. Nikaipokea nimekaa. Nikanywa nimekaa.

Mama alimtazama mpaka alipomaliza.

"Waambie watu wako waje," akamwambia, na mkono wake ukabaki begani mwangu.