Bobu ya Nereah

Mkasi wangu siazimi mtu, na nikifanya kazi sipendi kusimamiwa. Wanawake wa Busia, wa upande wa Uganda na wa upande wa Kenya, wote walilijua hilo isipokuwa Nereah. Yeye alikaa kwenye kigoda barazani kwangu, kioo mkononi, akaanza kunifundisha kazi.

"Mama Swaliki, hapo bado ndefu."

"Inamisha kichwa."

"Lakini huku nyuma..."

"Inamisha kichwa, ama nikuache nusu nusu uolewe hivyo hivyo."

Akacheka, akainama. Ningemkasirikia vipi? Miaka yote aliyovuka mpaka na beseni lake la omena, wale dagaa wa ziwani, mlango wake wa kwanza upande wa Uganda ulikuwa wangu. Nilipougua alinipikia uji na kunilazimisha kuumaliza. Kesho ya siku hiyo ya mkasi alikuwa anaolewa kanisani Tororo na Laban, mwalimu wa shule huko Kiyeyi, kijana mpole hata kubishania bei hawezi. Nilimpenda yule msichana kama niliyemzaa mwenyewe, ndiyo maana nilimgombeza sana.

Zamani Nereah alikuwa na wigi ya bobu, fupi, inayojikunja chini ya masikio. Laban alimwona nayo siku ya kwanza na hakuacha kuisifu. Kisha serikali ya wanajeshi ikapiga wigi marufuku, ukionekana nayo Uganda unakamatwa. Sasa bibi harusi wangu akaivusha chini ya omena, akaniwekea mapajani. "Nikate nywele zangu mwenyewe ziwe kama hii." Ilinuka samaki, lakini niliivika chungu nikaitazama vizuri.

Nywele zake zilikuwa nyingi na ngumu, nywele za raha kwa fundi. Nilizichoma kwa kitana cha chuma kilichotoka kwenye makaa ya sigiri, fungu kwa fungu, mafuta yakifuka moshi, mpaka zikanyooka na kulala. Ndipo nikashika mkasi. Bobu ya tabaka huanzia kisogoni, fupi kabisa. Fungu la juu yake unaliacha lizidi kidogo lilifunike la chini, unapanda nalo hivyo hivyo mpaka utosini. Nilipomaliza nilimsogezea ile wigi karibu na kichwa, na haki ya Mungu sikuona tofauti. Nilijisifu, na kwa nini nisijisifu? Wigi tukaitia motoni.

Watu wake waliogopa kuvuka siku hizo, kwa hiyo asubuhi tulimpeleka sisi, mimi na mume wangu Mutwalibu, kwa pikapu yake. Njiani tukakuta kizuizi cha wanajeshi. Askari mmoja alichungulia dirishani, akamtazama Nereah juu chini.

"Wewe, shuka. Toa hiyo wigi."

Nereah akashuka. "Si wigi, afande. Ni nywele zangu."

Akazishika, akavuta. Nereah akauma mdomo. Hazikutoka, akavuta tena.

"Mumeshona," akasema. "Nyinyi watu ya Kenya, mimi najua nyinyi. Nywele ya mtu nakaa sawa sawa namna hii? Huyu nabaki. Nakwenda kambi."

Mutwalibu akaanza kumbembeleza kwa jina la Mungu. Mimi nikashuka nikasimama kando ya Nereah. Tuliwajua wanawake waliopelekwa kambini, na wengine mpaka leo hawajarudi. Nilitamani kumzaba kofi yule mtu, lakini bunduki ilikuwa begani kwake. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kazi yangu ile nzuri ndiyo ilikuwa inampeleka mwanangu huko.

Nyuma ya pikapu kulikuwa na debe lenye kutu, la maji ya kutia kwenye rejeta ya gari. Nikaliteremsha.

"Afande, ukimwagia wigi maji, inabaki vilevile. Nywele ya kuchomwa inarudi ilikotoka. Tazama mwenyewe."

Nereah alielewa kabla yake. "Mama Swaliki," akaniambia polepole, "tafadhali, si leo."

"Funga macho, mwanangu."

Nikammwagia. Zilianza kisogoni kujikunja, halafu pembeni, halafu juu, zikipanda na kujisokota mpaka bobu yote ikaisha mbele ya macho yangu. Maji yale ya kutu yakamtiririkia kwenye gauni. Askari akaingiza vidole, akapapasa mpaka kwenye ngozi ya kichwa, kisha akajifuta mkono kwenye suruali.

"Kwenda," akasema.

Njia nzima Nereah alilia bila sauti. "Nitazichoma upya," nikamwambia. "Padre atangoja, na asipongoja tutajua mbele." Tulipofika Tororo tukapewa chumba nyuma ya kanisa, nikawasha sigiri na kuweka kitana motoni.

Sikujua kwamba habari zilikuwa zimetutangulia. Mtu wa baiskeli alikuwa amemwambia Laban kwamba bibi harusi ameshushwa kwenye pikapu pale kizuizini. Aliingia bila kubisha hodi. Nereah akajifunika kichwa kwa mikono miwili.

"Usinitazame. Zimeharibika."

"Laban, toka," nikasema. "Bwana harusi haingii humu. Sijamaliza."

Sidhani kama alinisikia. Aliuondoa mkono mmoja wa Nereah, akaondoa wa pili, akakikumbatia kile kichwa kilicholowa kifuani mwake, kwenye shati jeupe la harusi, maji ya kutu yakaingia.

"Umefika," akasema. "Waliniambia wamekuchukua. Umefika." Akakaa chini sakafuni, naye Nereah akakaa pamoja naye.

Nilikuwa na maneno ya kumwambia kuhusu lile shati. Nikageukia ukuta, maana na mimi nilikuwa nalia.